SOMO: MATUTA YA MBOGA NYUMBANI NA HUKUMU ZAKE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wako watu wa pwani wakaao Songea kwa biashara, waonao jembe kuwa aibu. Kila fungu la mchicha kwao hutoka sokoni, na siku isiyo na fedha watoto hula ugali kwa chumvi. Hao na wajue ya kuwa chakula cha mke na watoto wadogo ni wajibu wa mume, wala aibu haiondoi wajibu. Na Mtume amefundisha kwamba Muislamu apandapo mmea, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Nchi ya Songea yenyewe ni mawaidha. Katika Vita vya Maji Maji (1905–1907) Wadachi walichoma mashamba na ghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

NAMNA YA TUTA. Upana wake dhiraa mbili na nusu, mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo. Kimo chake shibiri moja. Kandoni lizuiwe kwa mawe au matofali. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza sana, kwani mbichi huunguza mizizi. Mvua zianzapo, Novemba au Disemba, tuta la juu huondosha maji yaliyotuama, mizizi isioze. Kiangazi kikiingia, tuta hilo hukauka upesi. Basi lipunguzwe kimo, lifunikwe majani makavu, linyweshwe asubuhi na jioni. Mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne.

MAS'ALA YA KWANZA: SAMADI. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, kinyesi cha mnyama ni najisi, hata cha ng'ombe na mbuzi. Kukitia shambani ni jaizi pamoja na karaha, na mboga iotayo humo ni twahara. Palipoguswa na najisi paoshwe kabla ya kupikwa. Nguo iliyoingia samadi isisaliwe mpaka ifuliwe.

YA PILI: KUINUNUA. Bei ya samadi haisihi, kwa kuwa kiuzwacho sharti kiwe twahara. Lakini mwenye ng'ombe aweza kuondoa mkono wake kwa kupewa fedha, akisema, "Nimeondoa mkono wangu katika samadi hii kwa shilingi kadha," na mwenziwe akubali. Neno hili ni jepesi ulimini, na wengi hulipuuza.

YA TATU: MAJI YA UDHU. Yaliyokwisha tumika katika faradhi ni twahara, ila hayatwahirishi tena. Kuyaelekeza tutani wakati wa kiangazi ni bora kuliko kuyamwaga njiani. Wala yasielekezwe kwenye ukuta wa jirani, kwani kumdhuru jirani ni haramu.

YA NNE: ZAKA. Mboga hazina zaka katika madhehebu haya. Zaka ya mimea ni ya tende na zabibu, na vyakula vikuu viwekwavyo akiba, kama mpunga na mahindi, vikifika nisabu. Lakini kukosekana zaka hakumfungi mtu mkono: fungu moja kwa mjane wa jirani ni sadaka.

Basi mwenye ua, ujapokuwa mdogo, asiuache mtupu ilhali chungu chake hakina mboga.

Wallahu aalam.