Unapotaka Kushusha Gari la Zamani: Namna ya Kuchagua Springi za Barabara za Dodoma

Gari la zamani lililokarabatiwa vizuri hupendeza zaidi likikaa chini kidogo. Tairi hujaza upinde wa bodi, gari haliyumbi sana kwenye kona, na usukani hujibu upesi. Mwenye Peugeot 504, Datsun 510, Corolla KE70 au Mercedes W123 anayetamani hilo ana haki ya kulitamani. Swali ni moja tu: atalishusha kwa kiasi gani, na kwa springi ipi?

Hapa Dodoma swali hilo lina uzito wake. Lami ya kwenda Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018, na leo unatoka mjini kwa lami kwenda Morogoro, Iringa, Singida au Babati. Lakini lami hiyo ina matuta karibu kila kijiji, na kabla ya matuta kuna rasta zinazotikisa gari zima. Ukiiacha lami kuingia mitaani, Nzuguni au Nkuhungu, unakuta mchanga wakati wa kiangazi na makorongo baada ya mvua. Springi utakayonunua lazima ikufikishe mpaka getini kwako.

Tukumbuke pia magari haya yalipatia wapi heshima yake Afrika Mashariki. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953. Datsun 510 ilishinda mwaka 1970, na Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975, kisha tena mwaka 1978. Mafundi wa mashindano yale waliyainua magari na kuyaimarisha chini, kwa sababu walijua kwamba kinacholivusha gari kwenye barabara mbaya ni nafasi ya tairi kupanda na kushuka. Unaposhusha gari unaipunguza nafasi hiyo. Basi ipunguze kwa hesabu.

Pima kabla ya kununua

Springi ya miaka 40 imekwisha kulegea. Magari mengi ya zamani tayari yako chini kuliko yalivyotoka kiwandani, na mara nyingi upande wa dereva umeshuka zaidi. Ukisema unataka kushusha milimita 30 bila kujua umeanzia wapi, utajikuta umeshusha 60.

Egesha gari mahali pa usawa, jaza upepo kwa kipimo sahihi, litikise kila kona, kisha lisukume mbele na nyuma ili lijikalie. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka ardhini, maana ukibadili tairi namba zote zinabadilika. Andika vipimo vya magurudumu yote manne, kwanza gari likiwa tupu, halafu likiwa na watu na mizigo unayobeba kwa kawaida. Linganisha na kitabu cha ufundi cha gari lako.

Kisha pima nafasi ya tairi kupanda. Pale ambapo fito ya shokapu inaonekana, funga kamba nyembamba ya plastiki kuizunguka na uishushe mpaka iguse mwili wa shokapu. Endesha njia zako za kila siku: matuta, korongo la mtaani, safari ya familia nzima. Ukirudi, tazama kamba imesukumwa umbali gani. Hapo utajua gari linatumia nafasi kiasi gani na kimebaki kiasi gani kabla raba ya kuzuia haijagongwa.

Kanuni ya nguvu ya springi ni kali. Ukipunguza nafasi hiyo kwa nusu, springi inahitaji ugumu mara nne ili imeze pigo lilelile bila kugonga mwisho. Hakuna mgongo wa binadamu wala bodi ya mwaka 1975 inayopenda springi ngumu mara nne. Kwa barabara zetu, ushauri wangu ni kutoshusha zaidi ya milimita 25 kutoka kimo cha kiwandani, na kuhakikisha angalau theluthi mbili ya nafasi ya kupanda inabaki gari likiwa limepakia.

Elewa namba tatu

Springi ya koili ina mambo matatu ya kuuliza: urefu wake ikiwa haijabebeshwa kitu, unene wa waya, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko yote. Waya wa milimita 13 badala ya 12, mengine yakibaki vilevile, huongeza ugumu kwa takriban asilimia 38. Kwa hiyo usikubali springi kwa sababu tu "inafanana". Chukua kalipa upime.

Watu wengi huteleza kwenye uhusiano wa ugumu na kimo. Chukua springi inayobeba kilo 300 na yenye ugumu wa kilo 2 kwa milimita. Itabonyea milimita 150. Ukiweka yenye ugumu wa kilo 2.5, itabonyea milimita 120 tu. Zikiwa na urefu sawa, gari litapanda milimita 30 badala ya kushuka. Ili kushusha milimita 25 kwa springi hiyo ngumu, lazima iwe fupi kwa milimita 55. Hesabu hii ni ya springi iliyokaa juu ya shokapu karibu na gurudumu, kama mbele ya 504. Mbele ya W123 springi imekaa katikati ya mkono wa chini, kwa hiyo badiliko dogo la springi huwa kubwa kwenye tairi.

Kwa matumizi ya mjini na safari za Iringa au Singida, ugumu wa asilimia 10 hadi 20 juu ya ule wa kiwandani unatosha. Ongeza zaidi ya hapo na gari litaanza kurukaruka kwenye rasta, tairi ziache kushika barabara hasa unapokanyaga breki.

Usikate, usichome

Kuna njia mbili rahisi zinazopatikana gereji nyingi: kukata mzunguko mmoja kwa grainda, au kuchoma springi kwa gesi hadi gari lishuke. Zikatae zote. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kwa joto lililopimwa kiwandani. Moto wa gesi hulipita joto hilo na kukiua chuma, nacho huendelea kulegea au huvunjika. Kukata nako huharibu ncha inayokaa kwenye kikombe chake, na springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake tairi likining'inia.

Jua gari lako lina nini chini

Baadhi ya 504 za sedani zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, nyingine zina ekseli ya kipande kimoja. Ingia chini uangalie kabla ya kuagiza. Zenye magurudumu huru, kama Datsun 510, zikishushwa hulaza tairi za nyuma kuelekea ndani juu, na tairi huisha upande mmoja. W123 ina raba za unene tofauti juu ya springi. Kabla ya kununua springi, jaribu raba nyembamba zaidi. Volkswagen Kobe ya kawaida haina springi za koili kabisa: kimo chake hurekebishwa kwenye vyuma vya kujisokota. Pikapu ya 504 ina springi za bapa nyuma; kama inabeba mzigo, iache ilivyo.

Shokapu na ufungaji

Nunua springi na shokapu pamoja. Shokapu ya zamani iliyochoka haiwezi kuituliza springi ngumu, na iliyo ndefu mno huiacha springi fupi ikicheza. Jaribu hivi: inua gari, acha gurudumu lining'inie, kisha shika springi. Ikizunguka kwa mkono, haifai.

Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia. Tumia kibanio sahihi cha springi, si waya wala mnyororo, maana springi iliyobanwa ikifyatuka huua. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake; zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba hujisokota na kuchanika mapema, na vumbi la huku humalizia kazi. Angalia mipira ya breki isikwaruzwe. Baadhi ya magari haya yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likishuka, vali hiyo lazima irekebishwe upya. Malizia kwa kupima alaimenti na kuelekeza taa za mbele.

Endesha wiki mbili, kisha pima tena kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, maana springi mpya hushuka kidogo. Kaza bolti upya. Ndipo lipeleke kwenye kona za Nyang'oro, ukielekea Iringa, likiwa na familia yako ndani.

Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu, nunua springi mpya za kimo cha kiwandani na shokapu nzuri. Gari la zamani lenye springi nzima za kimo chake halisi litakuhudumia vizuri kuliko lililoshushwa kwa springi za kubahatisha.