Mguu Usiouma: Somo kwa Wenye Ugonjwa wa Sukari

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, uanikaji na bei. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya miguu, kwani bila ya miguu mtu hafiki shambani, wala hapandi ngazi, wala haendi kupeleka karafuu zake kituoni. Nao wapo kati yetu, wanaume kwa wanawake, wenye ugonjwa wa sukari. Somo hili ni lao, na ni la watu wa nyumbani mwao pia.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja mwenye sukari alikanyaga kijiti kilichochongoka chini ya mkarafuu wake. Hakuhisi kitu. Usiku mkewe ndiye aliyeona damu kwenye shuka. Alipohimizwa aende hospitali alijibu neno moja tu: "Hauniumi." Akakaa wiki tatu akipaka dawa za nyumbani. Siku aliyokwenda, vidole viwili vilikwisha kuwa vyeusi, na mguu ukakatwa chini ya goti. Yeye mwenyewe ndiye aliyetutaka tuyaeleze haya, bila ya kumtaja jina, ili mwengine asidanganywe na neno lile.

Basi kwa nini mguu wa mwenye sukari uharibike upesi hivyo? Sababu ni mbili, na hapana budi tuzijue zote mbili.

Ya kwanza ni damu. Sukari ikizidi katika damu kwa muda wa miaka, kuta za mishipa huharibika, mafuta yakaganda ndani yake, na njia ya damu ikawa nyembamba. Kwa wenye sukari mishipa inayopatikana zaidi ni ile iliyo chini ya goti. Sote tumeuona mkarafuu unaoanza kukauka: vitawi vya juu kabisa, vilivyo mbali na mizizi, ndivyo vitangulivyo kufa. Vidole vya miguu navyo viko mbali na moyo. Damu ikipungua njiani, wao ndio wa kwanza kukosa, na kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi. Mwenye kuvuta tumbako, au mwenye presha isiyotibiwa, huizidisha shida hii.

Ya pili ni mishipa ya fahamu, ile ituleteayo khabari ya joto, baridi na maumivu. Kila mmoja wetu ajua kwamba jino bovu likitiwa mafuta ya karafuu hufa ganzi. Maumivu huondoka, lakini jino lingali bovu vile vile. Sukari huufanya mguu mfano wa jino hilo. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika khabari za wagonjwa wa sukari waliong'atwa na panya miguuni usiku, wakiwa wamelala, wasihisi. Ikiwa meno ya panya hayamwamshi mtu, mwiba utamwambia nini?

Sasa tazameni hatari ya mambo haya mawili yakikutana. Kwa kawaida damu ikiwa haba miguuni, mtu huumwa na tafu anapopanda mlima, akisimama kidogo maumivu hutulia, akienda tena hurudi. Hiyo ni kengele, na mwenye kuisikia asiseme ni uzee tu. Lakini aliyekufa ganzi huenda asiisikie kengele hiyo kabisa. Kwa hivyo asiyeumwa asijihesabu mzima. Na atumie macho badala ya maumivu.

Dalili za kutazamwa ni hizi: mguu mmoja kuwa baridi kuliko mwenzake, ngozi kuwa nyembamba na ya kung'aa, nywele za muundi kupukutika, kidonda kidogo kisichopona, kidole kubadilika rangi, maumivu ya mguu usiku yanayopungua ukiuning'iniza chini ya kitanda. Na mguu ukivimba na kuwa wa moto, hata bila ya kidonda, hiyo nayo ni dalili mbaya.

Tabibu naye ana njia zake. Hutafuta kwa vidole mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Huweza pia kupima presha ya mkononi na ya kwenye kifundo, akazilinganisha. Ikiwa ya mguuni haizidi sehemu 9 katika 10 za ile ya mkononi, hudhaniwa kuwa njia ya damu imekuwa nyembamba. Kwa wenye sukari mishipa huweza kuwa migumu ikakidanganya kipimo hiki, kwa hivyo huenda tabibu akataka vipimo vyengine. Kila mwenye sukari amwombe tabibu amtazame miguu angalau mara 1 kwa mwaka, na avue viatu bila ya kungoja kuambiwa.

Nyumbani na shambani twashauri haya:

1. Tazama miguu kila siku, juu, chini na baina ya vidole. Sisi tunaotawadha mara 5 kwa siku tuna nafasi ambayo wengi hawana. Unapoosha miguu, tazama, kisha ifute ikauke baina ya vidole. Asiyeona vizuri amwombe mke, mume au mtoto amtazamie. Si aibu.

2. Usitembee pekupeku, nyumbani wala shambani, wala usikanyage sakafu ya kuanikia wakati wa jua kali. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Mwenye ganzi aache kupanda mikarafuu, akae na wenzake kuchambua. Kazi hiyo nayo ina heshima yake.

3. Usiote miguu kwenye jiko la mkaa kwa sababu ni baridi, wala usiitie katika maji ya moto. Maji yajaribu kwanza kwa kiwiko.

4. Usikate sugu kwa wembe. Kucha zikate kwa kuzinyoosha, usichimbe pembeni.

5. Kidonda kikitokea, kioshe kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa safi, uende hospitali siku ile ile. Usitie majivu, wala mafuta ya karafuu. Mafuta haya ni mali yetu, lakini yaunguza nyama iliyo wazi na yazidisha ganzi.

6. Mwenye kidonda cha unyayo asiukanyagie mguu ule. Asiye na kidonda, na ambaye tabibu amemruhusu, atembee kila siku. Tafu ikiuma apumzike, kisha aendelee, kwani kutembea huifundisha damu njia nyengine.

7. Dawa ya sukari na ya presha zisikatizwe msimu ukiingia, na tumbako iachwe kabisa.

Wapo watakaosema kwamba kukatwa mguu ni jambo lililokwisha kuandikwa. Sisi hatubishani na yaliyoandikwa. Lakini mwaka 1934 daktari Elliott Joslin wa Boston, Marekani, aliwaonya wenziwe kwamba kuoza kwa miguu ya wagonjwa wa sukari ni jambo la kuzuiwa kwa usafi na uangalizi, si la kungojewa. Tangu siku zile elimu imezidi. Siku hizi katika hospitali kubwa mishipa iliyoziba huweza kufunguliwa kwa kipira kidogo kinachopulizwa ndani yake, au damu ikapitishwa njia nyengine. Lakini tiba hizo zamfaa aliyewahi. Miguu mingi ya wenye sukari inayokatwa ilianza kwa kidonda, na aghalabu kidonda hicho kilikuwa kidogo.

Twaomba kila mwanachama amsomee somo hili jirani yake asiyejua kusoma. Na usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, mwenye sukari avue viatu, aitazame miguu yake. Mwenzetu yule angefanya hivyo usiku mmoja tu, pengine leo angekuwa anakwenda shambani kwa miguu yake miwili.

Wassalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati