KUJITAMBULISHA KWA UKWELI NA KWA UFUPI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka vijana wetu humaliza shule na kuanza kutafuta kazi, ufundi au nafasi ya kujifunza. Wengi wana adabu na wanajua mengi. Lakini wakiulizwa, "Wewe ni nani, na unaweza kufanya nini?" baadhi yao huinamisha kichwa na kujibu, "Nipo tu," kwa kuogopa kuonekana wanajisifu. Wengine hujipa ujuzi wasiokuwa nao. Wa kwanza huikosa nafasi. Wa pili huipata, kisha akaipoteza pamoja na uaminifu wake. Je, dini yetu inatufundisha nini?

Tutazame kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Alipotoka gerezani na kusimama mbele ya mfalme wa Misri, aliomba kusimamia hazina za nchi, akataja sifa zake mbili tu: kwamba ni mlinzi na ni mjuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Katika ombi lile hakutaja ukoo wake wala uzuri wa sura yake. Miaka ya njaa ilikuwa inakuja, na nafaka ilihitaji mtu wa kuilinda na kuigawa kwa ujuzi. Basi kutaja sifa ya kweli kwa haja ya kweli si majivuno.

Kisa cha pili ni cha Jaafar bin Abi Talib (R.A.). Mwaka 615 Miladia Waislamu wa mwanzo walianza kuhamia Habasha, iliyoko katika Ethiopia na Eritrea za leo. Makureshi wakatuma wajumbe wenye zawadi ili wahajiri hao warudishwe Makka. Najashi, mfalme Mkristo, aliwaita Waislamu wajieleze. Jaafar alizungumza kwa mpango: hali yao ya zamani, Mtume aliyewajia, mambo aliyowaamrisha, mateso waliyoyapata, na sababu ya kuichagua nchi yake. Alipotakiwa asome, alisoma mwanzo wa Surat Maryam, habari iliyomgusa msikilizaji wake. Najashi akakataa kuwatoa, na zawadi zikarudishwa.

Sisi wa Mbeya tunaishi na watu wa dini mbalimbali, hivyo mfano wa Jaafar unatuhusu sana. Katika visa hivi viwili tunapata mambo manne ya kushika:

1. Anza kwa salamu inayomfaa unayezungumza naye, kisha taja jina lako na utokako.
2. Taja jambo moja au mawili unayoyaweza, pamoja na kazi uliyokwisha kuifanya.
3. Eleza unachokihitaji, tena kiwe kidogo na wazi.
4. Shukuru, kisha nyamaza umsikilize.

Kwa mfano, kijana anayemwendea mwenye duka la jumla pale Mwanjelwa anaweza kusema hivi:

"Shikamoo baba. Naitwa fulani bin fulani, naishi Soweto. Nimemaliza kidato cha nne, na kwa miaka miwili nimemsaidia mjomba wangu kuandika daftari la mauzo ya mchele. Naomba nafasi ya wiki mbili nijifunze kutunza hesabu za duka kubwa. Nitashukuru, baba."

Maneno haya hayamalizi hata dakika moja. Hayana uongo, na kila moja linaweza kuthibitishwa kwa mjomba. Hata ukituma ujumbe wa simu, fuata mpango huu huu. Ujumbe usio na jina, unaosema "Nisaidie kazi" tu, haumpi mtu sababu ya kujibu.

Wazazi, tunawaomba muwape watoto nafasi ya kujieleza mbele ya wageni nyumbani, badala ya kuwajibia. Na wewe mwanafunzi, andika sentensi zako tano leo, umsomee mzazi au mwalimu, na ufute kila neno usiloweza kulitolea ushahidi. Litakalobaki ndilo utambulisho wako.

Wabillahi tawfiq.