Gari Kuukuu Likichemka Mlimani: Tafuta Maji Yanakopotelea

Kutoka Sagana hadi mjini Nyeri gari hupanda zaidi ya mita 500. Ukivuka Nanyuki kuelekea Timau, unazidi kupanda, na njia za kwenda kwenye malango ya mbuga, kama Kiandongoro upande wa Aberdare au Sirimon upande wa Mlima Kenya, hazina huruma kabisa. Huko ndiko HiAce au Caravan kuukuu, iliyostaafu umatatu ikawekewa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, huonyesha ugonjwa wake. Mshale wa joto unapanda, dereva anaegesha, anaongeza maji, anaendelea na safari. Kesho yake ni yale yale.

Kuongeza maji si matibabu. Maji yakipungua, kuna mahali yamepitia, na hapo ndipo pa kutafutwa kabla hujatoa pesa yoyote dukani.

Anza na kifuniko cha rejeta, kwa kuwa ndicho rahisi kuliko vyote. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, wala si 100. Injini nayo hufanya kazi ikiwa karibu na joto hilo hilo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko: chenye alama ya 0.9 huongeza zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukishapasuka au springi ikalegea, gari lililokuwa zima Mombasa litatoa mvuke Naro Moru. Nunua chenye alama ile ile. Kikali zaidi kitapasua mipira iliyozeeka.

Halafu, asubuhi injini ikiwa baridi, ingia chini ya gari na tochi. Kulanti iliyovuja huacha alama za kijani au nyekundu zilizokauka kwenye klampu, kwenye tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji, na kwenye mabomba ya chuma yanayopeleka maji kwenye hita ya nyuma. Mabomba hayo hupita chini ya sakafu, hupigwa na matope na changarawe, na mafundi wengi huyasahau. Ukikuta yameoza na huitaki hita hiyo, yazibe karibu na injini.

Sasa themostati. Ukifika gereji nyingi za jua kali na gari linalochemka, jambo la kwanza utakaloambiwa ni, “Tutoe hiyo themostati, huku kwetu haina kazi.” Kataa. Huku kwetu ndiko ina kazi zaidi, maana Julai ya Nyeri ni baridi, na injini isiyopata joto hula dizeli na kuchakaa upesi. Kuna jambo baya zaidi. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ikishafunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji haipiti rejetani kupozwa, na gari huchemka hasa kwenye mwinuko. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopata moto. Ya nyuzi 82 inapaswa kuwa imefunguka vizuri kabla maji hayajachemka.

Rejeta ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili nyasi na vumbi la murramu vitoke vilikoingilia. Ile ya zamani ya shaba hufunguliwa, mirija ikasafishwa, ikachomelewa tena. Yenye tangi la plastiki ikipasuka, ni afadhali ununue nyingine. Angalia pia mkanda wa feni.

Ukiona mapovu yanapanda mfululizo rejetani injini inaponguruma, moshi mweupe usioisha, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, acha kuendesha. Gasketi ya hedi imekwenda, au hedi yenyewe ina ufa. Injini ya 1KZ-TE ina sifa mbaya kwa jambo hilo. Hedi lazima ipimwe kama imepinda kabla ya kurudishwa, hata fundi akisema haina haja.

Unapojaza upya, changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji ya mto huleta matope na kutu, na maji matupu hayafai kwa anayelala Met Station ya Mlima Kenya, mita 3,050, ambako usiku yanaweza kuganda na kupasua injini. Elekeza pua ya gari juu ya mteremko, fungua hita hadi mwisho, na uache injini ingurume kifuniko kikiwa wazi, ukiongeza taratibu hadi hewa iishe. Hewa iliyonaswa ndani huwafanya wengi wadhani ukarabati umeshindikana.

Ukiwa njiani mshale ukianza kupanda, shusha gia, punguza mwendo, washa hita ingawa mtaona joto. Ukifika kwenye alama nyekundu, egesha na uzime. Usiguse kifuniko mpaka uweze kuubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua. Wengi wameungua uso kwa sababu ya haraka. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, hedi itapasuka.

Kulanti ya zamani ikusanye kwenye dumu. Ni tamu na ni sumu, na mbwa au mbuzi akiinywa anaweza kufa. Mpe fundi anayekusanya oili chafu, na tafadhali usiimwage mtaroni wala kwenye mto Chania.