Kadi za Mashujaa na Swali la Kesho

Maandiko ya somo: Kumbukumbu la Torati 18:9–15, Matendo ya Mitume 16:16–19

Somo la wiki hii limetokana na swali la vijana wetu: kuna ubaya gani mtu akiwa na kadi za taroti zenye picha za mashujaa wa katuni kama Superman, Batman na Wonder Woman? Siku hizi huhitaji hata kununua pakiti. Unapakua programu kwa simu ukiwa ndani ya matatu ya Nairobi, unagusa kadi tatu, na kabla hujafika Athi River umeshaambiwa habari za mapenzi, pesa na kazi. Mzazi akichungulia anaona Batman, anajua ni katuni tu.

Tuanze kwa haki. Katuni si dhambi. Wengi wetu hapa tumekua tukisoma Juha Kalulu katika Taifa Leo na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Superman mwenyewe alibuniwa na vijana wawili Wayahudi wa Cleveland, Marekani, akatoka kitabuni mwaka 1938, anaokoa wanyonge na kupiga wahalifu. Mtoto akimpenda usimkemee. Tunachouliza ni amewekwa kwenye kazi gani.

Kadi za taroti ni 78. Hamsini na sita ni karibu na karata tunazozijua. 22 zilizobaki zina picha kubwa: Mpumbavu, Kifo, Shetani, Mnara, Jua na kadhalika. Zilianza Italia karne ya 15, na zilikuwa mchezo tu. Ni mwaka 1781 huko Paris ambapo msomi mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba ndani yake kuna hekima ya siri ya Misri ya kale. Wakati huo hakuna mtu aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Hayo yalifumbuliwa mwaka 1822. Kwa hiyo alisema kitu ambacho hangeweza kukijua! Lakini watu waliamini, na kutoka hapo kadi zikageuka kuwa za kupigia ramli. Zile zinazoigwa sana leo zilitoka London mwaka 1909. Mwaka 1995 kampuni ya DC Comics, wenye Superman, ikatoa pakiti yao yenye wahusika wa vitabu vyao, na kampuni nyingine zimefuata. Sura zimebadilika, lakini viti ni vile vile: nambari 13 Kifo, 15 Shetani.

Sasa mtu atasema, Pastor, ni karatasi tu, haina nguvu. Na mwingine atasema, lakini mimi iliniambia ukweli! Hao wawili wote wasome Matendo 16. Yule kijakazi wa Filipi alikuwa na pepo wa uaguzi, na maneno aliyopiga kelele kuhusu Paulo na Sila yalikuwa kweli tupu: walikuwa watumishi wa Mungu na walihubiri njia ya wokovu. Hakukosea hata neno. Bado Paulo alimkemea yule pepo. Basi "iliniambia ukweli" si hoja. Angalia pia mstari wa 19: mabwana zake walikasirika kwa sababu faida yao imekwisha. Paliposimama uaguzi, palikuwa na mtu anahesabu pesa nyuma yake, na msichana mmoja asiyepata kitu.

Sisi Wakamba hatuwezi kujifanya wageni wa mambo haya. Mundu mue alitikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu, akazihesabu, akasema nani amekuloga. Wazee wanasimulia jinsi Syokimau alivyomwona nyoka mrefu wa chuma kabla reli haijafika, na leo kituo cha treni kinaitwa kwa jina lake. Kijana anayemcheka nyanya yake kwa kwenda kwa mganga, halafu anafungua kadi kwa simu usiku, wamekaa benchi moja. Tofauti ni betri.

Na tusiishie kwa vijana. Kuna mpendwa anayetembea kanisa hadi kanisa akitafuta nabii wa kumtajia jina la adui yake na mwezi atakaoolewa. Anatoa mbegu, anapewa neno. Likikosa, Jumapili inayofuata yuko kwingine. Hiyo nayo ni kuchomoa kadi. Tunaamini unabii, wala hatuoni haya kusema hivyo, lakini Roho Mtakatifu si kibuyu cha kutikiswa.

Kwa nini watu wanauliza? Matokeo ya KCSE yametoka na hakuna karo. Mvua imekataa mara ya pili. Mchumba amenyamaza. Hayo si maswali ya kijinga, na kijana akiyaleta kanisani akajibiwa "omba tu," atatafuta anayemsikiliza. Ndiyo maana Kumbukumbu 18 haikomi kwenye mstari wa 12. Baada ya kukataza uaguzi, mstari wa 15 unaahidi Nabii atakayeinuliwa, wamsikilize yeye. Petro anatuambia katika Matendo 3 kwamba huyo ni Yesu. Mungu hakufunga mlango akawaacha watu gizani.

Wazazi, msipekue mabegi na kuchoma vitu vya watoto. Wale wa Efeso katika Matendo 19:19 walichoma vitabu vyao wenyewe, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, baada ya kuamini. Keti na mtoto kwanza, umuulize alikuwa anataka kujua nini.

Kwa ushirika wa nyumbani Jumatano: someni Matendo 1:23–26, pale mitume walipopiga kura kumpata Mathiya. Baada ya sura ya 2, Roho aliposhuka, hatusomi tena kwamba walipiga kura. Jadilini kwa nini, na vijana waongee kwanza.