Kisima cha Sadaka Kipimwe Aseniki Kwanza

Hivi karibuni, baada ya swala ya Ijumaa hapa Nyakato, Musoma, tulichangishana fedha za kuchimba kisima cha madrasa moja iliyo upande wa Buhemba, wilayani Butiama. Nilipouliza kama maji yatapimwa, mzee mmoja akanijibu: "Ustadhi, maji ya ardhini ni safi. Wakiogopa watachemsha."

Ndugu zangu Waislamu, tatizo liko hapo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki. Maji yanapopungua kwa mvuke, sumu hiyo hubaki sufuriani ikazidi kukolea. Haina rangi, ladha wala harufu, na mara nyingi hukaa miambani pamoja na dhahabu. Na Buhemba ni ardhi ya dhahabu.

Wengi tunadhani kisukari huletwa na chai yenye sukari nyingi tu. Ni kweli kwamba unene, kutofanya mazoezi na urithi ndizo sababu kubwa za kisukari cha ukubwani. Lakini mwaka 1994 watafiti walionesha kuwa kusini mwa Taiwan, wanavijiji waliokunywa kwa miaka mingi maji ya visima yenye aseniki walikuwa na kisukari zaidi. Kongosho hutoa insulini, ambayo huwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini. Aseniki hudhoofisha seli zinazotengeneza insulini, na huufanya mwili usiiitikie ipasavyo. Ini nalo hujitahidi kuibadili sumu hiyo itoke kwa mkojo, kazi inayosaidiwa na foleti iliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Basi mwenye lishe duni huchelewa kuitoa. (Zebaki ya wachimbaji ni balaa jingine, la figo na mishipa ya fahamu, kuhusu kisukari ushahidi wake bado unapingana.)

Bangladesh walichimba mamilioni ya visima tangu miaka ya 1970 ili kuwaokoa watoto na kuhara. Nia njema kabisa. Miaka ya 1990 ikabainika kuwa vingi vina aseniki kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita.

Wanachuoni wa fiqhi wametangulizia kuzuia madhara kabla ya kuleta manufaa. Kwa hiyo nimeiomba kamati itenge kwanza fedha za maabara, ndipo inunue pampu. Majibu yakiwa mabaya, tutajenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye paa la madrasa. Mzee amekubali, japo kwa shingo upande.