SOMO: DAFTARI LA DUKANI NA SIRI ZA WATU



Mama mmoja wa hapa Kakuma alienda kwa ajenti kutoa pesa ya simu. Kama kawaida, jina lake, namba ya kitambulisho na namba ya simu viliandikwa kwenye daftari lililokuwa wazi pale mezani. Usiku huo mwanaume asiyemjua akampigia, akimwita kwa jina. Aliogopa sana. Alipokuja ofisini aliuliza neno moja tu: "Hiyo namba ni ya nani, yangu ama ya ajenti?"

Jibu ni kwamba ni yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Imesema kila mtu, si mwananchi peke yake. Basi hata mkimbizi yumo. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Kulinda Data kuitimiza haki hiyo.

Haki za mteja:
1. Kuambiwa habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani.
2. Kuona yaliyoandikwa juu yake na kusahihisha makosa.
3. Kukataa zisitumiwe kumtangazia biashara.

Wajibu wa mwenye biashara:
1. Aulize yale tu yanayohitajika kwa kazi yake.
2. Daftari lifungwe, lisiachwe mezani kila mtu akisoma. Likishamaliza kazi yake, liharibiwe.
3. Habari zikiibiwa na watu wakawa hatarini, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Duka lenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka halilazimiki kujiandikisha kwa Kamishna. Lakini shule, hospitali na wanaotoa huduma za pesa huandikishwa hata wakiwa wadogo. Na kujiandikisha ama kutojiandikisha, sheria yenyewe inamshika kila mmoja.

Msidhani ni maneno matupu. Septemba 2023 Kamishna alitoza Roma School ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hapo hata sisi wa parokia na mashirika tujichunguze. Ni mara ngapi tumepiga picha ya mtoto mwenye njaa bila kumwuliza mama yake?

Ukikosewa, ongea kwanza na mwenye duka. Asiposikia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna, kwa maandishi au kwa mdomo. Hulipi kitu, na yanatakiwa kumalizwa kwa siku 90. Ukitishwa, usingoje: nenda polisi.

Mwenye duka, usione sheria hii ni mzigo. Mteja anayejua kwamba siri yake iko salama kwako atarudi kesho.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:
1. Daftari la chama chetu linakaa kwa nani, na nani hulisoma?
2. Ni nani hapa ameacha kadi na namba yake ya siri kwa mwenye duka kwa sababu ya deni? Tumsaidie namna gani?